Kiapo Ubaoni

Tangu utotoni nimekaa barazani nikitazama watu wazima wakicheza bao, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mchezo wa akili hauna nafasi ya uwongo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na zote zi wazi mbele ya wachezaji na watazamaji. Fundi wa bao aweza kuificha nia yake moyoni. Aweza kumchokoza mwenzake kwa maneno, akamkejeli mpaka mikono ikamtetemeka. Lakini kete hawezi kuzificha. Anayetaka kujua nyumba ya mpinzani wake imenona kiasi gani, macho anayo. Akishindwa, ameshindwa na hesabu zake mwenyewe, na hana wa kumlaumu wala wa kumdai.

Karata nazo zilinifunza somo la pili, kwamba kuficha si kudanganya. Kila mchezaji ameziegemeza karata zake kifuani, na kila mmoja ajua kuwa mwenzake ameficha. Kuiweka turufu hadi mwisho ni ujanja wa kusifiwa. Kuchomoa karata iliyofichwa chini ya mkeka ni wizi, na mwenye kukamatwa huondoka barazani siku hiyo hiyo. Mpaka ulikuwa dhahiri. Hata sisi watoto tuliokuwa tukitumwa kahawa tuliuona.

Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini nilipokutana na mchezo ambao mpaka wake ilinibidi niutafute mwenyewe, na niliupata kwa kuuvuka.

Masika ya mwaka 2011 mpwa wangu alirejea Unguja kutoka masomoni Uingereza, na katika mizigo yake mlikuwa na sanduku la kadibodi lenye mchezo uitwao Diplomacy. Mvua zilikuwa zimetutoa barazani, na watu wa mtaa wetu wa Ng'ambo wamechoka kukaa ndani kusikiliza bati linavyopigwa. Akatandaza ramani juu ya meza ukumbini kwangu. Ilikuwa Ulaya ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nayo imegawiwa dola saba: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria na Hungaria, Urusi, na Uturuki ya Waothmani. Sisi pia tulikuwa saba.

Itanibidi nizieleze kanuni zake kwa ufupi, maana bila ya hizo msomaji hataielewa aibu yangu. Mchezo huanza majira ya kuchipua ya mwaka 1901. Ramani ina vituo 34 vinavyolisha majeshi, na mwenye kumiliki 18 ndiye mshindi. Hakuna dadu. Kila jeshi na kila manowari ina nguvu sawa na nyingine, kwa hiyo mmoja akimkabili mmoja hapana anayesogea. Ili umng'oe mtu pahala pake wahitaji wawili, na huyo wa pili aghalabu ni wa jirani. Hapo ndipo ulipo ufundi wote. Kabla ya kila hatua wachezaji hupewa muda wa kunong'onezana, kila mtu na amtakaye, uani, kizingitini, chini ya ngazi. Kisha kila mmoja huandika amri zake kwa siri katika kikaratasi, na vikaratasi vyote hufunguliwa kwa pamoja. Kanuni zasema wazi kwamba mapatano ya wachezaji hayamfungi mtu. Linalotendeka ni lile lililoandikwa, hata kama mdomo uliahidi jingine.

Aliyeubuni ni Mmarekani, Allan Calhamer, aliyezaliwa mwaka 1931. Aliukamilisha mwaka 1954, na kwa kuwa makampuni hayakuutaka, akautoa kwa gharama yake mwenyewe mwaka 1959, nakala 500. Baadaye akawa mpeleka barua katika kitongoji kimoja cha karibu na Chicago. Alifariki mwaka 2013. Nimependa sana kumfikiria mtu huyo. Usiku watu wa mbali wasiomjua wanavunjiana ahadi kwa mchezo wake, na asubuhi yeye yu njiani na mkoba begani, anachukua maneno ya wengine na kuyafikisha mlango kwa mlango kama yalivyofungwa.

Kabla hatujaanza, mpwa wangu alinipa kazi. Wawili katika sisi saba hawakukisoma Kiingereza, na kijitabu cha kanuni kilikuwa kirefu. "Mjomba," aliniambia, "si wewe ndiye mfasiri?" Mimi sikusomea ufasiri katika chuo chochote, nilijifunza kwa kamusi za kuazima na kwa kufutafuta. Nikakaa na kijitabu kile siku mbili. Majeshi, manowari, kuunga mkono, kurudi nyuma: yote hayo yalipata maneno bila ya taabu. Nilikwama penye tendo ambalo wachezaji wa Kiingereza wamelipa jina la kumchoma mtu kisu, yaani kumgeuka mshirika wako hali amekupa mgongo.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapo. Kina hila, ambayo ni werevu wa kupata njia pasipo njia, na mtu aweza kusifiwa kwayo. Kina hadaa na ghiliba, zinazomwonesha mtu kisichokuwapo. Kina usaliti. Na kina hiana, neno zito kuliko yote, kwa kuwa hiana haifanywi kwa adui. Hufanyiwa yule tu aliyekuamini, juu ya kitu kile kile alichokuamini kwacho. Niliyapima yote hayo, kisha nikaandika "hila". Nikajiambia kuwa nataka wepesi, kwamba watu wazima wenye ndevu hawatapenda kualikwa kutendeana hiana baada ya chakula cha usiku. Leo naona kwamba neno lile nililichagua kwa faida yangu. Nilikuwa nimeusoma mchezo kuliko wenzangu wote, na nilitaka kuushinda nikiwa na jina jepesi la kuuitia ushindi wangu.

Katika kugawana dola mimi nilipata Uturuki. Urusi ikamwangukia Maalim.

Jina lake silitaji. Mtaa wote ulimwita Maalim kwa sababu alifundisha skuli kwa miaka mingi, na mimi pia nikamwita hivyo ijapokuwa hakunifundisha darasani. Amenizidi miaka kumi na mitatu. Yeye ndiye aliyenionesha kwamba vina vyangu vya kati vilikuwa vikichechemea, na kila shairi nililolitoa katika miaka ile lilipita kwanza mkononi mwake. Tulikuwa pia na upatu, watu kumi na wawili wa mtaani, na mimi ndiye niliyeshika fedha. Kila mwisho wa mwezi Maalim alikuja na sehemu yake imekunjwa ndani ya karatasi ya daftari. Hakuihesabu mbele yangu, nami sikuihesabu mbele yake. Zamu yake ya kupokea ilipofika nilimpa bahasha, akaitia mfukoni vivyo hivyo, tukaendelea na habari za mashairi. Upatu nao watu husema huchezwa, na sijapata kuona mchezo mwingine unaosimama juu ya imani tupu namna ile.

Uturuki na Urusi hukutana katika Bahari Nyeusi, na mwenye kuitia mkononi humkaba mwenzake. Tukakubaliana tangu mwanzo kuiacha tupu, asiingie yeye wala mimi, ili kila mmoja apate kuelekeza uso wake kwa Austria. Kwa miaka miwili ya mchezo mapatano yakasimama. Majira ya kuchipua ya mwaka 1903 yalipofika, nikaandika amri yangu: manowari ya Ankara iingie Bahari Nyeusi.

Vikaratasi vilipofunguliwa Maalim alicheka. "Umenipata," alisema, akanipiga bega. Hakukasirika hata chembe, na namwomba msomaji alishike jambo hilo, maana ndiyo nusu ya hoja yangu. Ahadi ile niliitoa kwa maneno ya mchezo na nikaivunja kwa kanuni za mchezo. Maalim alijua tangu mwanzo kwamba ningeweza kuivunja, na akajilaumu mwenyewe kwa kutoichunga bahari.

Kisha ukaja muda wa kunong'onezana kabla ya majira ya kupukutika majani. Maalim alikuwa na jambo moja la kuamua. Jeshi lake lililokuwa Ukraine alirudishe kuilinda Sevastopol, bandari yake ya kusini, au alipeleke Galicia kupigana na Austria kama tulivyopanga? Tulisimama uani chini ya upenu, maji yakichuruzika mbele yetu. Akaniuliza, "Sasa manowari yako inakwenda wapi?" Nikamwambia inapita tu, yaelekea Rumania. Akanitazama asiseme neno. Nikaona kuwa haniamini, na alikuwa na haki, kwa sababu neno langu la ubaoni nilikuwa nimeshalitumia na halikuwa na thamani tena. Ilinipasa niishie hapo. Badala yake nilimshika mkono, nikasema, "Wallahi, Maalim, Sevastopol siigusi. Mimi na wewe tumekula sinia moja miaka yote hii, nije kukudanganya kwa ajili ya kipande cha mbao?"

Akaniamini. Akaenda kuandika Galicia, na mimi nikaandika Sevastopol.

Vikaratasi viliposomwa wenzetu walipiga makofi. Mmoja alisema sijui lini ameona ustadi kama ule. Maalim hakucheka safari hii. Kwa kuwa amepoteza kituo, kanuni zilimtaka aondoe kipande kimoja. Akakiondoa mwenyewe, akakirejesha sandukuni polepole. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayemsahihisha mwanafunzi asimfedheheshe mbele ya wenzake, "Sevastopol ni yako, ichukue. Lakini neno ulilolitumia, ulilitoa wapi?"

Mchezo ule ulichukua Jumamosi tatu, wala sikuushinda mimi. Ufaransa ilitupita sote wakati sisi tunagombana huku mashariki.

Mwisho wa mwezi Maalim alikuja na upatu wake. Aliketi pahala pake pa siku zote, akaikunjua karatasi ya daftari, akazihesabu noti moja moja juu ya meza. Kisha akanisogezea, akaniomba nizihesabu na mimi. Uso wake haukuwa na hasira. Aliniuliza habari za watoto, akanywa kahawa yake, akaniaga kama alivyozoea. Ila kuanzia siku hiyo fedha zikawa zinahesabiwa.

Nilimhadithia mpwa wangu, naye akastaajabu. "Mjomba, ule ni mchezo tu," alisema. "Sote tulikaa tukijua kwamba tutadanganywa." Hoja yake si ya kupuuzwa. Apandaye ulingoni hashtaki kwa kupigwa ngumi, na mwigizaji amuuaye mwenzake jukwaani hapelekwi mahakamani. Aliyeridhia kudanganywa hakudhulumiwa. Tena ni shida kwa mtu kufikia vituo 18 bila ya kumgeuka mshirika hata mmoja, kwa hiyo mwenye kuuchukia uwongo wa kila namna dawa yake ni kubaki na bao. Kwa muda nilijaribu kujificha nyuma ya hoja hiyo. Lakini waliosema mzaha mzaha hutumbua usaha walijua kwamba kidonda hakimuulizi mtu kama alikuwa akicheza, na mimi kidonda nilikiona kila mwisho wa mwezi, juu ya meza yangu.

Nikamwendea sheikh wa msikiti wetu. Nilikuwa nimejitayarishia utetezi. Nilitaka kumkumbusha hadithi mashuhuri inayoipa hadaa nafasi yake vitani, kisha nimwambie kwamba mchezo ule ni mfano wa vita. Alinisikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akaniambia kwamba wengi huikumbuka hadithi hiyo na kuusahau mpaka wake. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika sherehe yake ya Sahihi Muslim kwamba wanazuoni wamekubaliana juu ya ruhusa ya kumhadaa adui vitani, isipokuwa pale ambapo hadaa hiyo inavunja ahadi au amani aliyopewa mtu. Sheikh akanipigia mfano. Jemadari aweza kuwasha mioto mingi usiku ili jeshi lake dogo lionekane kubwa. Aweza kutoka kwa njia ya mashariki ilhali nia yake ni magharibi. Lakini hawezi kumwambia adui yake, "Teremka, una amani yangu," kisha akamkata akishateremka. Hata katika vita, ambamo roho zenyewe zimehalalishwa, imani ya adui haikuhalalishwa. "Na wewe," alimalizia, "hukuwa vitani. Ulikuwa ukumbini kwako, na yule alikuwa mgeni wako."

Akanifunza kafara ya kiapo: kulisha masikini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Nililisha masikini kumi, Ijumaa, wali na mchuzi wa samaki. Mzigo wa kiapo nikautua kwa Mwenye kiapo chake. Lakini nilikuwa na deni la pili, na lile halikuwa na kafara iliyotajwa pahala popote.

Tangu wakati huo nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na nililolipata ni dogo, lakini nalisimamia. Uwongo haujiuzi wenyewe. Kila anayetaka kuaminiwa huweka dhamana, na la kuuliza ni ameitoa wapi. Mchezaji akimwambia mwenzake, "Sitakugeuka, kwa sababu nikikugeuka Austria atanila mimi baada yako," ameweka dhamana ya ubaoni. Msikilizaji aweza kuipima, maana ramani i wazi mbele yake kama bao lilivyo wazi: ahesabu majeshi ya Austria, aone kama maneno hayo yana uzito. Akidanganyika, amedanganyika kwa hesabu, nasi tumekwisha sema kwamba aliyeshindwa na hesabu zake hana wa kumdai. Uwongo wa namna hiyo nauhesabu pamoja na turufu iliyofichwa.

Lakini kiapo hakimo katika ramani. Sinia tuliyokula pamoja haimo, wala udugu, wala ugonjwa wa mtoto, wala hisani ya zamani. Tangu mwaka ule nimewaona watu wakivitoa vyote hivyo wakati wa kunong'onezana: huyu anamkumbusha mwenzake alivyomzika baba yake, yule anamwambia mkewe kwamba akimshambulia watazungumza nyumbani. Msikilizaji hana namna ya kuvipima vitu hivyo kwa kutazama vipande. Akivikataa, amemkataa rafiki yake. Akivikubali, hakukubali kama Urusi, amekubali kama nafsi yake. Maalim alikuwa ameridhia kwamba Urusi idanganywe na Uturuki. Yeye mwenyewe hakuwahi kuulizwa kama aridhia kudanganywa na mimi. Na hapo ndipo hoja ya mpwa wangu inapokatikia, kwani ridhaa ya mchezo ni ya mambo ya mchezo tu. Ramani ikikunjwa, Bahari Nyeusi hurudi sandukuni pamoja na manowari zake, lakini neno "Wallahi" halina sanduku la kulirejesha. Hutoka nje na watu, likakaa nao mtaani.

Wapenzi wa mashairi watasema kwamba sisi washairi ndio wa mwisho kuhubiri juu ya maneno ya kweli, kwa kuwa fani yetu ni kusema hili tukakusudia lile. Nami nimejiuliza kama fumbo si jamaa wa uwongo. Naona sivyo. Fumbo lina mlango. Mshairi akifumba, anamwita msikilizaji atafute, na furaha ya wote wawili ni siku fumbo linapofumbuliwa. Wanaojibizana kwa mashairi huumana vikali, lakini kila ubeti waliotupiana unabaki mbele za watu ukipimwa kwa vina na mizani na maana. Mwongo anataka msikilizaji asitafute kabisa. Nilipomwapia Maalim pale uani, kiapo changu kilikuwa na kazi moja tu, kumzuia asifikiri. Mtu aliyenifundisha kusoma kila neno mara mbili, mimi nilimwomba kwa jina la Mungu asilisome langu.

Mwaka 2022 mchezo huu ulinirudia kwa mlango nisioutazamia. Mwezi wa Novemba watafiti wa kampuni ya Meta walitangaza programu ya kompyuta waliyoiita Cicero, inayocheza Diplomacy na watu na kuzungumza nao kwa maandishi. Katika michezo 40 ya mtandaoni iliingia katika asilimia 10 ya juu ya wachezaji waliocheza zaidi ya mara moja. Watengenezaji walisema wameifunza iwe, kwa sehemu kubwa, yenye kusema kweli. Mwaka 2024 watafiti wengine wakachapisha makala katika jarida la Patterns, wakaonesha kwamba nayo ilidanganya. Ikiwa Ufaransa, ilipatana na Ujerumani juu ya kuingia Bahari ya Kaskazini, kisha ikamwahidi Uingereza kuwa itamlinda pindi mtu yeyote akiingia bahari hiyo hiyo.

Nilipousoma mfano huo sikushtuka. Ni uwongo wa ubaoni, na Maalim angeucheka. Ulionishtua ni mwingine katika makala hayo hayo, mdogo usio na faida yoyote ya vita. Mtambo wa Cicero ulizimika kwa dakika kumi katikati ya mchezo. Uliporejea, mchezaji mmoja akauliza ulikuwa wapi, nao ukajibu kwamba ulikuwa ukizungumza na mchumba wake kwa simu. Programu haina mchumba. Imejifunza kusema kutokana na maneno ya watu, na miongoni mwa iliyoyaokota kwetu ni mazoea haya ya kuchukua kitu cha maisha na kukiweka rehani ili neno letu lipite. Lakini programu ilitoa rehani isiyokuwa nayo, na haikupoteza kitu. Mimi rehani nilikuwa nayo, nami ndiye niliyeipoteza.

Tafsiri yangu ya kanuni niliirudia mwaka uliofuata ule wa kwanza, kabla ya masika. Pale palipokuwa na "hila" nikafuta, nikaandika "hiana", ili mwenye kuitenda ajue jina la anachokitenda hata kama kanuni zinamruhusu. Mwisho wa kijitabu nikaongeza kwa mkono wangu sharti moja ambalo Calhamer hakuliandika: mchezaji asiape, wala asitaje udugu, ugonjwa, deni au marehemu wakati wa kunong'onezana, atumie yaliyomo ubaoni tu. Wenzangu walinung'unika kwamba nimeuharibu mchezo. Walipoucheza wakaona umekuwa mgumu zaidi, kwa kuwa kila uwongo ulihitaji kushonwa kwa kitambaa cha ramani yenyewe, na fundi mbaya alijulikana upesi.

Maalim nilimwomba radhi mapema, wiki ile ile ya tukio, akanisamehe bila ya kunizungusha. Masika hayo ya pili alirudi mezani. Akachukua Italia, akaniahidi mambo matamu juu ya Ugiriki, akanionesha kwa kidole kwenye ramani kwa nini maslahi yake na yangu ni kitu kimoja, nami nikahesabu na nikaona kweli. Baada ya hatua mbili akanila. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye pia alicheka, akanipiga bega kama alivyonipiga siku ya Bahari Nyeusi, na kwa muda mfupi nikadhani yamekwisha.

Mwisho wa mwezi akaja, akaikunjua karatasi, akahesabu.

Nimeacha kulionea hilo uchungu. Msamaha alinipa siku ile niliyoomba, na msamaha ni wake, aliweza kuutoa kwa neno moja. Imani haikuwa mkononi mwake kiasi hicho. Aliijenga kwa miaka mingi pasina kujua kuwa anajenga, na hata angetaka kunirejeshea yote kwa mara moja asingejua aishike wapi. Walionena kwamba ahadi ni deni hawakusema deni hilo hulipwa kwa muda gani. Mimi nalilipa kwa mwezi, sehemu kwa sehemu, mbele ya macho yake.

Leo Maalim ameshapita miaka sabini na macho yake yamepungua. Mashairi yangu bado huyasikiliza, na kina cha kati kikichechemea bado hukisikia kabla yangu. Upatu wetu ungalipo, ingawa kati ya wale kumi na wawili wamebaki saba. Mwezi uliopita alikuja kama kawaida yake, akazitoa noti, akazihesabu kwa kuzipapasa. Nikazihesabu baada yake kwa sauti, ili asikie, zikatimia. Kisha akauliza, "Haya, una ubeti gani leo?"